Malindi na Padang: kisa cha vuli ya 1997

Vuli ya Malindi kwa kawaida haitishi mtu. Mvua kubwa ya pwani hii ni ile ya mwaka, yaani masika, inayoanza mwishoni mwa Machi au Aprili na kufika kileleni mwezi wa Mei. Ya vuli, kati ya Oktoba na Disemba, hunyesha siku mbili ikapumzika wiki, na mkulima wa Magarini hupanda kunde zake kwa kubahatisha tu.

Mwaka 1997 vuli ilikosa adabu. Ilianza Oktoba, ikaipita Disemba bila kuaga, ikaendelea hadi mwanzoni mwa 1998. Tana ilifurika hadi deltani, barabara kuu ya Mombasa na Nairobi iliharibika vibaya, na huko Garissa homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo na watu. Halafu, wakati kila mmoja alipokuwa akishukuru kwamba yameisha, Machi na Aprili 1998 matumbawe ya Malindi yalipauka na mengi yakafa moja kwa moja.

Watu waliiita mvua ile El Nino na jina likashika. Hadi leo "mwaka wa El Nino" ni tarehe kamili, haihitaji tarakimu. Lakini jina hilo limetufanya tuangalie upande usio wetu. El Nino ni habari ya Pasifiki, ya bahari kupata joto pwani ya Peru na Ekwado. Kilichoinyeshea Malindi mwaka ule kilipikwa zaidi ndani ya Bahari ya Hindi yenyewe, na mji wa kuangalia si Lima. Ni Padang.

Padang uko magharibi mwa kisiwa cha Sumatra, Indonesia, karibu kabisa na ikweta. Malindi iko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Miji yote miwili inatazamana na bahari moja, jua lile lile, unyevu ule ule wa kuloanisha shati kabla ya saa nne asubuhi. Padang hupata zaidi ya milimita 4,000 za mvua kwa mwaka. Malindi hupata kidogo zaidi ya 1,000, na Lamu ni chini ya hapo. Anayejua jiografia ya darasani angetegemea sisi wa ikweta tuwe na misitu minene kama ya Gabon. Badala yake ukitoka Lamu kuelekea bara, baada ya mwendo mfupi unakutana na vichaka vya miiba. Swali la kwanza la kisa hiki basi si kwa nini 1997 ilinyesha sana. Ni kwa nini miaka mingine hainyeshi.

Hewa ndiyo ya kulaumiwa. Jua huipasha moto sehemu ya ikweta kuliko kwingine, hewa ikapanda, ikasambaa juu kuelekea kaskazini na kusini, ikashuka tena penye nyuzi kama 30, kisha ikarudi chini chini kuelekea ikweta. Kwa kuwa dunia inazunguka, hewa hiyo inayorudi haiji moja kwa moja. Huku kusini hupinda kushoto, na ikivuka ikweta hupinda kulia. Ndipo tunapata kusi, inayotoka kusini mashariki kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba na kugeuka kuelekea Bara Hindi, na kaskazi, inayoshuka kutoka Uarabuni na Bara Hindi kati ya Disemba na Machi. Kila nahodha anajua hayo bila kuambiwa. Ambalo si kila mtu amelitafakari ni kwamba pepo zote mbili, zikifika hapa, huambaa na pwani badala ya kuigonga. Kusi hasa hupita kama imechelewa safari. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa aliyeitwa John Findlater alionyesha kwamba juu ya mashariki mwa Kenya, kimo cha kilomita moja hivi, upepo huo hujikusanya ukawa mkondo mwembamba wenye kasi, unaovuka ikweta na kubeba mvuke kwenda kuinyeshea India. Mvua ya Mumbai hupita juu ya vichwa vyetu ikiwa bado ni mvuke.

Kuna na mzunguko wa pili, huu wa mashariki na magharibi, ambao ndio moyo wa kisa. Maji ya upande wa Sumatra huwa ya moto zaidi kuliko yetu. Hewa hupanda kule, mawingu yakajaa, mvua ikamwagika Padang. Hewa iliyopanda lazima ishuke mahali, na mahali penyewe ni upande wetu. Hewa inayoshuka hubanwa na uzito wa ile iliyo juu yake, ikapata joto, na wingu lililokuwa likijiandaa likayeyuka. Mzunguko wa namna hii ulipewa jina la Gilbert Walker, Mwingereza aliyeongoza idara ya hali ya hewa ya India kuanzia 1904 hadi 1924 na kutumia miaka hiyo kutafuta namna ya kutabiri monsuni, pepo za msimu zinazoiletea India mvua. Yeye alifuatilia zaidi Pasifiki. Sisi tuna wa kwetu, mdogo na mwepesi kugeuka.

Unapogeuka ni wakati wa tanga mbili, kusi imekwisha na kaskazi haijashika. Ni miezi ambayo mabaharia wa zamani hawakuipenda. Vasco da Gama aliondoka Malindi Aprili 1498 na rubani aliyepewa hapa, akafika pwani ya Calicut chini ya mwezi mmoja, kwa kuwa aliifuata kusi inapoanza. Kurudi hakusikiliza mtu. Aliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba na akafika tena Malindi Januari 1499, miezi mitatu baharini, mabaharia wake wakifa kwa kiseyeye, ugonjwa wa fizi unaoletwa na upungufu wa vitamini C. Angesubiri kaskazi ishike angefika upesi na watu wake wakiwa hai. Ila tusimcheke sana. Miezi hiyo hiyo ya Oktoba na Novemba ndiyo inayotuchanganya hata sasa.

Katika miezi hiyo, mwaka wa kawaida, upepo juu ya ikweta katikati ya Bahari ya Hindi huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Unasukuma maji ya juu kuelekea Sumatra kwa nguvu kiasi kwamba bahari hupata mkondo mwembamba juu ya mstari wa ikweta. Mtaalamu wa bahari Klaus Wyrtki aliueleza mwaka 1973 na wanasayansi wanauita kwa jina lake. Kazi ya mkondo huo ni kuhamisha maji moto. Kule mashariki tabaka la maji moto huwa nene, huku kwetu huwa jembamba na maji baridi hayako mbali chini. Upepo unaleta maji moto Sumatra, maji moto yanapandisha hewa, hewa inayopanda inavuta upepo zaidi. Kimoja kinalea kingine.

Mwaka 1997 mnyororo huo ulikatika, na ulikatikia Sumatra. Kuanzia katikati ya mwaka pepo za kusini mashariki zilivuma kwa nguvu isiyo ya kawaida kando ya Java na Sumatra. Zilisukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji baridi ya chini yakapanda kushika nafasi. Bahari ilipopoa, hewa ikaacha kupanda kule. Ilipoacha kupanda, upepo wa ikweta ulilegea, kisha ukageuka ukavuma kutoka mashariki. Maji moto yaliyozoea kulundikwa Indonesia yakarudi upande wetu, tabaka la moto likawa nene huku, na hewa ikaanza kupanda juu ya Afrika Mashariki. Mnyororo ule ule, sasa ukizunguka kinyume. Septemba na Oktoba mambo yalikuwa yameshaiva.

Padang na jirani zake walipata ukame. Misitu na ardhi ya mboji ya Sumatra na Kalimantan iliungua, moshi ukafunika Singapore na Malaysia kwa majuma. Katika visiwa vya Mentawai, mbele tu ya Padang, matumbawe yalikufa mwishoni mwa 1997. Utafiti uliochapishwa 2003 ulieleza kwamba maji baridi yenye virutubisho, pamoja na madini ya chuma yaliyodondoka na moshi, vilikuza mwani mwekundu kupita kiasi na miamba ikakosa hewa. Kumbe wakati sisi tunazama kwenye mvua yao, wao walikuwa wakiungua kwenye kiangazi chetu.

Miaka miwili baadaye, 1999, mtafiti aitwaye Saji na wenzake walichapisha maelezo ya hali hiyo na kuiita Daipoli ya Bahari ya Hindi, kwa maana ya ncha mbili, moja ikipoa nyingine ikipata moto. Kabla ya hapo hata wataalamu wengi walikuwa wakiitupia Pasifiki kila kitu.

Je, El Nino haikuhusika? Ilihusika. Ile ya 1997 ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu kubwa za karne iliyopita, na El Nino mara nyingi huisukuma Bahari ya Hindi igeuke. Tunao ushahidi hapa hapa: tumbawe kubwa kutoka Malindi, lililotobolewa na kusomwa tabaka kwa tabaka kama kumbukumbu ya joto la bahari, lilitoa rekodi ya miaka 194, iliyochapishwa mwaka 2000, na rekodi hiyo inafuatana na mabadiliko ya Pasifiki. Siwezi kusema Pasifiki haina mkono.

Lakini weka miaka kando kando uone. Vuli ya 1961 iliifurikisha Kenya nzima, na Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita mbili ndani ya miaka michache. Mwaka huo hapakuwa na El Nino, palikuwa na daipoli. Mwaka 2015 kulikuwa na El Nino yenye nguvu ya kulingana na ya 1997. Serikali ilitenga mabilioni, magazeti yakachapisha ramani za maeneo ya kuhama, watu wakajenga matuta ya mchanga milangoni. Daipoli ya mwaka ule ilikuwa dhaifu. Mvua ilikuja, sehemu nyingine ikazidi kiasi, lakini gharika iliyohofiwa haikuonekana, na watabiri wakadhihakiwa vibarazani kwa miezi. Kisha 2019: El Nino hakuna ya kutajika, daipoli mojawapo ya kali kuliko zote zilizopimwa. Maporomoko ya ardhi West Pokot, mafuriko kila kona, nzige waliovuka mpaka Disemba, na upande wa pili wa bahari Australia ikiteketea. Mwaka 2023 vilikutana vyote viwili na Tana ikafurika tena. Na ukitaka kuona kinyume chake, 2016 daipoli iliegemea upande wa Sumatra, vuli ikashindwa, na 2017 ukatangazwa ukame kuwa janga la taifa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: kwa vuli ya pwani yetu, El Nino bila daipoli ni kelele zaidi ya mvua, daipoli bila El Nino inatosha kutuzamisha.

Sasa turudi Malindi, kwa sababu hapa kisa kinapata mambo yasiyopatikana Nairobi wala Garissa. Kaskazini tu mwa mji, Sabaki unaingia baharini. Ni mto mrefu wa pili Kenya baada ya Tana. Juu unaitwa Athi, katikati Galana, na njiani unakokota udongo wa Ukambani. Kila mtu hapa anajua bahari ya Malindi hubadilika rangi, ila mgeni hushangaa kwa nini tope la mto liko kaskazini halafu uchafu unaonekana mbele ya mji. Jibu ni msimu. Kusi ikivuma, tope husukumwa kaskazini kuelekea Mambrui na Ngomeni, na ufuo wa Malindi unabaki safi. Kaskazi ikishika, tope hugeuzwa kusini likaingia ghubani, likapita gati na kuelekea Hifadhi ya Bahari. Chota maji kwa kopo karibu na gati Januari baada ya mvua za bara, yaache dakika chache, chini kutabaki unga laini mwekundu, na juu vijani vyenye kung'aa vya madini. Ufuo wa mji umesonga mbele kwa mchanga huo hadi hoteli zilizojengwa kando ya maji zikajikuta zina mwendo wa kutembea kuyafikia.

Mafuriko ya kawaida ya Sabaki ni ya mwaka, Aprili na Mei, kusi imeshaanza au inaanza. Tope lake huelekea Mambrui. Mafuriko ya 1997 yalikuja Novemba, Disemba na Januari. Yaani mto ulijaa kuliko kawaida katika miezi ile ile ambayo upepo unaleta tope kwetu. Mzee mmoja mvuvi wa Shela, Shela ya Malindi si ile ya Lamu, nilimuuliza bahari ilikuwaje. "Mwanangu, kaskazi ile maji yalikuwa chai ya maziwa hadi Casuarina. Mshipi ukishuka pima moja huuoni." Nikamuuliza, na samaki, baba? "Tasi na changu walikwenda nje. Tulobaki na kidau tukala tulichopata."

Tope hilo lina historia yake. Tumbawe jingine la Malindi, lenye umri wa miaka kama 300, lilipimwa bariamu, madini yanayofika baharini pamoja na udongo wa mto. Matokeo yake yalichapishwa 2007: kati ya 1700 na 1900 kiasi kilikuwa tulivu, kuanzia 1900 kikaanza kupanda, na kilele kikawa kati ya 1974 na 1980, udongo ukiwa mara tano hadi kumi ya ule wa asili. Misitu iliyokatwa, mashamba yaliyolimwa bila matuta, ukame wa miaka ya 70 kisha mvua. Angani hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Daipoli ya 1997 ilileta maji. Udongo uliobebwa na maji hayo ulikuwa umeshalegezwa kwa majembe kwa karibu miaka mia.

Joto la 1998 ndilo lililomaliza. Daipoli yenyewe huisha upesi, Disemba, pepo zinapobadilika. Lakini maji moto yaliyokwisha kulundikana huku hayakuondoka, na bahari nzima ya kitropiki ilikuwa ikiendelea kupata joto lililoachwa na El Nino. Kisha ukaja Machi, jua la utosi, kaskazi imechoka, kusi bado. Tanga mbili nyingine. Bahari ikatulia kabisa, bila upepo wa kuikoroga na kupandisha maji baridi, ambayo kwanza yalikuwa yameshasukumwa chini kuliko kawaida. Joto la maji likapita nyuzi 30. Ndani ya tumbawe huishi mwani mdogo mno unaolilisha na kulipa rangi. Joto likizidi lile la kawaida la mwezi wa moto zaidi kwa nyuzi moja tu na kukaa majuma kadhaa, tumbawe huutoa mwani huo, likabaki jeupe na njaa. Likikaa hivyo muda mrefu hufa, na mwani wa aina nyingine hulivika nguo ya kijani na kahawia.

Hifadhi ya Malindi ilitangazwa mwaka 1968 pamoja na ya Watamu, za kwanza za bahari nchini Kenya. Kwa miaka thelathini ilizuiwa nyavu, baruti na mikono ya wakusanya kombe. Mwaka 1998 nusu ya matumbawe hai na zaidi ilikufa katika hifadhi za pwani yetu, zilizolindwa sawa na zisizolindwa. Walinzi wenye boti hawana namna ya kulizuia joto. Lakini ulinzi haukuwa wa bure kabisa: penye samaki wengi wanaokula mwani, miamba michanga hupata nafasi ya kushika tena. Wale wanaosema hifadhi haina maana kwa sababu iliungua 1998 wanasahau kwamba swali la pili ni nani anapona haraka.

Lamu na Kiunga kisa ni tofauti kidogo. Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki hupanda kutoka Tanzania mwaka mzima. Wakati wa kusi huunganika na Mkondo wa Somali wakaenda zao kaskazini kwa kasi. Wakati wa kaskazi Mkondo wa Somali hugeuka, jambo nadra kwa mkondo mkubwa hivyo, ukashuka kusini, na mikondo hiyo miwili hukutana mahali fulani kati ya mpaka wa Somalia na Malindi kabla ya kuelekea mashariki baharini. Mahali pa kukutania husogea mwaka hata mwaka, na ndiyo sababu Lamu wakati mwingine hupata maji yenye rutuba na jodari wengi huku Malindi wakilalamika, au kinyume chake.

Faida ya kuijua daipoli ni kwamba hujionyesha mapema. Sumatra huanza kupoa Juni au Julai, na ikifika Agosti mwishoni Idara ya Hali ya Hewa huwa na picha ya vuli. Miezi miwili inatosha kwa mkulima wa Magarini kuamua kama apande mahindi badala ya kunde, kwa wanaoishi bondeni Tana kuhamisha mifugo, na kwa mwenye hoteli kutoandaa wapiga mbizi Januari ambako maji yatakuwa mekundu. Kwa mvua ya mwaka msaada huo haupo. Machi hadi Mei daipoli huwa imelala, mvua hizo hutegemea mambo mengine mengi madogo, na utabiri wake umebaki mgumu. Kwa hiyo Agosti, ukisikia redioni bahari ya Sumatra imepoa, sikiliza vizuri. Ukisikia Februari, wasubiri watabiri waseme la masika yenyewe.